Kompyuta inapotabiri njaa: bati la msaada si utajiri

WAHENGA walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Siku hizi amejitokeza wa tatu ambaye wahenga hawakumwona, naye ni kompyuta. Haijawahi kushiba wala kulala njaa, lakini ndiyo inayopewa kazi ya kusema ni nyumba ipi kilimani itakosa chakula miezi michache ijayo, na ni ipi itavuka salama.

Ndugu msomaji, usidhani jambo hili ni la nchi za mbali. Kama umewahi kuketi uani kwako ukaulizwa na kijana mwenye fomu kuwa nyumba yako imeezekwa kwa nini, una mbuzi wangapi, na juma lililopita mlikula maharage siku ngapi, basi huenda majibu yako yamekwisha kuingia katika hesabu za namna hiyo. Mimi nimewahi kuwa yule mwenye fomu. Naandika makala haya kwa sababu ya kosa nililolifanya nikiwa na kalamu mkononi, kosa ambalo kwa kanuni za fomu halikuwa kosa hata kidogo.

Paa: bati

Nilizaliwa mwaka 1981 katika makazi ya Mishamo, Mpanda, Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972. Nilisoma kwa Kiswahili, nikasomea ualimu huko huko, na mwaka 2008 nikarudi na familia yangu Mabanda, katika Makamba, eneo ambalo tangu mabadiliko ya mikoa ya mwaka 2025 limo katika mkoa mpya wa Burunga. Kwa hiyo maisha ya kurudi nyumbani ambako hujawahi kukaa nayajua, wala sikuyasoma kitabuni.

Oktoba mwaka 2018 shirika moja lilitafuta watu wanaoelewana na waliorejea, wapite nyumba kwa nyumba siku za mapumziko wakijaza fomu. Nikawa mmoja wao. Tuliambiwa kwamba fomu zitapelekwa mjini, kompyuta itapiga alama, na kaya zenye alama za chini zitapewa fedha za chakula ili zivuke Novemba na Desemba. Hiyo ndiyo miezi migumu kwetu, kwa kuwa mavuno ya msimu A huwa bado yako shambani na akiba ya msimu uliopita imekwisha.

Siku ya pili nilifika kwa mama mmoja mjane ambaye mwanawe nilikuwa nikimfundisha. Mama huyo alikuwa amerejea Burundi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2008, akapewa mabati ya msaada akajenga nyumba. Mwaka 2015 akakimbia tena, safari hii hadi kambi ya Nduta, Kibondo. Mwishoni mwa mwaka 2017 akarudi, akakuta ukuta mmoja umeanguka lakini paa lipo. Chakula cha miezi mitatu ambacho wanaorejea walipewa kilikuwa kimekwisha kitambo.

Nikajaza fomu. Paa: bati. Simu: ndiyo. Simu yenyewe betri yake ilikuwa imeshikiliwa kwa mpira, na laini yake ilikuwa ya Tanzania, kwa sababu mama huyo alikuwa akiuza lita chache za mawese mpakani Mugina na wateja wake walikuwa wa ng'ambo. Chakula cha siku saba zilizopita: ugali wa muhogo siku 7, kisamvu, ambacho huku tunakiita sombe, siku 5, mawese siku 2, maharage siku 3. Nikamshukuru, nikaenda nyumba ya pili.

Orodha ilitoka Desemba. Jina lake halikuwamo. Wakati huo mwanawe alikuwa amekwisha kuacha shule. Katikati ya Novemba alivuka mpaka na vijana wakubwa kwenda kulima vibarua upande wa Kasulu. Alikuwa na umri wa miaka 13, na katika hesabu alikuwa wa tatu darasani.

Nilikwenda kwa mama yule nikamwambia, "Mama, mimi niliandika yote uliyoniambia."

Akanijibu bila hasira, "Ni kweli Mwalimu, uliandika. Ila hukuniuliza bati limetoka wapi, wala yale maharage yalikuwa ya nini."

Yalikuwa mbegu.

Hesabu ya maharage

Tangu siku ile nilianza kusoma kila nilichopata juu ya namna njaa inavyopimwa. Kipimo tulichokitumia ni cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, nacho kinajulikana pote. Kaya huulizwa ilikula kila aina ya chakula siku ngapi katika siku saba. Siku za nafaka na mizizi huzidishwa kwa 2, za maharage na jamii yake kwa 3, za nyama, samaki au mayai kwa 4, za maziwa kwa 4, za mboga kwa 1, za matunda kwa 1, na za mafuta na sukari kwa nusu. Zikijumlishwa, alama zisizozidi 21 ni ulaji duni. Kutoka hapo hadi 35 ni ulaji wa mpakani. Zaidi ya 35 ni ulaji unaoridhisha.

Sasa tumpigie hesabu mama yetu. Ugali siku 7 mara 2 ni 14. Sombe siku 5 ni 5. Mawese siku 2 mara nusu ni 1. Jumla ni 20, yaani ulaji duni. Lakini maharage siku 3 mara 3 ni 9, na jumla inapanda kuwa 29. Amehama daraja, yuko mpakani. Yale maharage aliyopaswa kuyapanda wiki ile mvua ilipokuwa inaanza, aliyachemsha watoto wasilale na njaa, na kila sufuria aliyoipika ilimwonyesha kwenye karatasi kuwa ana nafuu, huku shamba lake likibaki tupu.

Ni haki niseme kwamba wataalamu wanalijua tatizo hili. Zipo fomu nyingine zinazouliza waziwazi kama kaya imekula mbegu, imeuza mifugo ya kuzalisha au imemwachisha mtoto masomo. Kipo pia kipimo kinachouliza kama watu wazima wamepunguza chakula ili watoto wale, na jibu hilo hupewa uzito wa 3, mkubwa kuliko mengine katika kipimo hicho. Fomu yetu, kwa kufupisha kazi, haikuwa na maswali hayo.

Kompyuta hujifunzaje?

Hapa ndipo inapoingia akili bandia, hasa tawi lile la kuifundisha mashine kwa mifano. Mwalimu yeyote ataelewa. Unampa mwanafunzi maswali elfu moja pamoja na majibu yake. Anayapitia mpaka aone mwenyewe mpangilio. Kisha unampa maswali mapya yasiyo na majibu, unaangalia amepata mangapi.

Kwa njaa, swali ni kaya na sifa zake: paa, ardhi, mifugo, idadi ya watu, umbali wa soko, mvua iliyonyesha, bei ya mahindi. Jibu ni lile lililopimwa baadaye, kwamba walikula vizuri au hawakula. Njia moja inayotumika sana ni ya mti wa maamuzi. Je, kaya ina mbuzi? Kama haina, je, ina ardhi ya kulima? Kama haina, je, bei ya unga imepanda? Mashine hujenga mamia ya miti ya namna hiyo, kila mmoja ukitazama sehemu tofauti ya mifano, kisha miti yote hupiga kura.

Faida yake ni ya kweli. Kupita nyumba kwa nyumba ni gharama na huchukua miezi, wakati njaa haisubiri. Mashine inaweza kuchukua maswali machache, picha za setilaiti na bei za soko, ikatoa makisio mapema. Lakini haijui chochote ambacho mifano yake haikuwa nacho. Kama katika mifano wenye bati walikuwa na nafuu, itaamini kwamba bati ni nafuu. Haiwezi kutofautisha bati lililonunuliwa kwa kuuza kahawa na bati lililotolewa kwa mkimbizi aliyerudi mikono mitupu.

Majirani wamejaribu nini

Jirani yetu Rwanda alikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuonekana katika utafiti wa aina hii. Mwaka 2015 Joshua Blumenstock na wenzake walichapisha kazi iliyochukua kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5. Waliwapigia watu 856 kuwauliza hali zao, kisha wakaifundisha kompyuta kukisia utajiri wa wengine wote kwa namna wanavyotumia simu. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba picha za setilaiti zinaweza kukisia hali ya maisha vijijini, wakitumia Rwanda, Tanzania, Uganda, Malawi na Nigeria. Picha hizo zinaonyesha barabara, mashamba na mapaa.

Malawi walikwenda hatua moja mbele, kutoka umaskini hadi chakula chenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliunganisha mvua, bei za sokoni na sifa za makazi ya watu, zikiwamo aina ya paa na umiliki wa simu, ili kukisia vijiji vitakavyopungukiwa chakula. Ulifanya vizuri zaidi kuliko njia iliyozoeleka ya kuangalia wilaya nzima kwa jumla. Huko huko kusini mwa Malawi, mradi mwingine ulikuwa ukizitembelea kaya zile zile kila mwezi. Mimi nauona huo kuwa wa busara zaidi, kwa sababu anayekuja kila mwezi atauona ule mwezi mbegu zilipoliwa.

Mfano uliozungumzwa sana ni wa Togo. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ya huko ilianzisha mpango wa Novissi wa kutuma fedha kwa simu. Ulipopelekwa vijijini katika kata 100 maskini zaidi, kompyuta ndiyo iliyochagua wa kulipwa kwa kuangalia matumizi ya simu. Watafiti walipopima baadaye, matokeo waliyochapisha mwaka 2022 yalikuwa na pande mbili. Ukilinganisha na kuchagua kwa maeneo tu, idadi ya maskini walioachwa ilipungua kwa asilimia 4 hadi 21. Lakini ukilinganisha na kuwa na daftari kamili la kaya zote, ambalo Togo haikuwa nalo, walioachwa waliongezeka kwa asilimia 9 hadi 35. Kwa maneno mengine, mashine ni bora kuliko kukisia gizani, ila haijafikia kumjua mtu kwa kumwandika.

WFP nao wana ramani ya njaa inayotumia hesabu za namna hii kwa maeneo yasiyofikiwa na wadodosaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mashine iliweza kueleza hadi asilimia 81 ya tofauti ya ulaji usiotosheleza kati ya eneo na eneo. Ni kazi kubwa. Lakini tusichanganye mambo. Kujua kwamba mkoa fulani una njaa ni tofauti na kujua kwamba ni nyumba ya mama fulani.

Tisini kwa mia bado ni sifuri

Wakuu wa miradi hupenda kusema, "Kompyuta yetu inapatia mara 90 kwa 100." Mwalimu akisikia hivyo lazima aulize mtihani ulikuwaje. Chukua kilima chenye kaya 100, kumi kati ya hizo zina njaa. Mashine ikisema hakuna mwenye njaa hata mmoja, imepatia mara 90 kwa 100, na haijamsaidia mtu yeyote.

Ndiyo maana makosa lazima yagawanywe mawili. Kuna kumpa aliyeshiba na kuna kumwacha mwenye njaa. Kosa la kwanza hupoteza fedha, na mkaguzi ataliona. Kosa la pili haliandikwi popote, kwa sababu aliyeachwa hana karatasi yenye jina lake. Mjini, mwaka 2018, hesabu zilifungwa zikiwa safi. Kosa lilionekana kwenye daftari langu la mahudhurio tu, mstari mmoja uliojaa alama za kutokuwapo hadi mwisho wa mwaka.

Wanaopotea katika hesabu

Watu wa mpakani tunapotea kwa njia zetu wenyewe. Mfanyabiashara mwenye laini mbili, moja ya Burundi na moja ya Tanzania, kwa kampuni ya huku anaonekana mtu asiyepiga simu, na kwa kampuni ya huko anaonekana mteja wa Kigoma. Mashine inayosoma matumizi ya simu humwona nusu mtu. Asiye na simu kabisa haonekani.

Aliyerejea hana historia. Mashine hupenda kujua kaya ilikuwaje mwaka jana na mwaka juzi, naye mwaka juzi alikuwa kambini. Nyumba imeandikwa kwake lakini shamba analolima ni la kukodi, au lina kesi. Watoto wake wako pande mbili za mpaka, kwa hiyo idadi ya walaji hubadilika kila mwezi. Hakuna uongo hapo, ila fomu ina nafasi ya tarakimu moja tu.

Kwa upande mwingine, wafanyabiashara wana elimu ambayo mashine inaihitaji. Mwenye meza ya nafaka Mugina anajua mapema watu wanapoanza kununua unga kwa kikombe badala ya kilo. Mnunuzi wa mbuzi anajua msimu ambao mbuzi jike wenye mimba huletwa sokoni, jambo ambalo hakuna mfugaji hulifanya kwa hiari. Wataalamu hukipima kitu hicho kwa kuuliza mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za mahindi. Kilo zikipungua mwezi hadi mwezi, njaa iko njiani, hata kama mvua imenyesha.

Kutabiri si kulisha

Tusisahau pia kwamba utabiri mzuri unaweza kubaki kabatini. Somalia ndiko ulikoanzia, mwaka 2004, mfumo wa madaraja matano ya upungufu wa chakula unaotumika leo duniani. Maonyo ya ukame yalitolewa huko tangu mwaka 2010. Baa la njaa lilipotangazwa Julai 2011, wengi walikuwa wamekwisha kufa. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2013 yalitaja vifo vya watu wapatao 258,000, nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Na chanzo chenyewe cha takwimu kinaweza kukauka. Januari 2025 mtandao wa tahadhari ya njaa wa Marekani, FEWS NET, ulioanzishwa mwaka 1985, ulizimwa pale misaada ya nchi hiyo iliposimamishwa, ukarejea baadaye mwaka huo huo. Mashine isiyoletewa majibu mapya huendelea kutoa alama kwa majibu ya zamani, kama mwalimu anayesahihisha mtihani wa mwaka huu kwa kutumia majibu ya mwaka jana.

Tufanye nini?

Sisemi kompyuta zifungiwe. Kabla yake orodha ziliandikwa na watu, na sote tunajua shemeji wa nani aliingia na jirani wa nani aliachwa. Mashine haina shemeji. Ninachosema ni kwamba isipewe neno la mwisho.

Orodha isomwe hadharani kilimani kabla fedha hazijatoka, siyo baada yake. Kuwe na siku za kupinga, na anayepinga arudiwe nyumbani kwake na mtu mwenye macho. Daftari la mahudhurio la shule lisomwe pamoja na mvua na bei, maana mtoto anayeanza kukosa Jumatatu na Ijumaa ana habari kamili kuliko paa la nyumba yao.

Nanyi wenzangu mliorejea, atakapokuja mwenye fomu msijibu swali peke yake. Mwambieni bati limetoka wapi. Mwambieni shamba ni la nani. Mwambieni kama maharage yaliyo jikoni yalikuwa ya kupanda. Akisema fomu haina nafasi hiyo, mwombeni aandike pembeni. Mimi sasa nikiombwa kazi hiyo huandika pembeni, na kwa kila mnunuzi wa mbuzi ninayekutana naye sokoni huuliza bei.

Yule mtoto wa mwaka 2018 hakurudi shuleni. Leo ni kijana wa miaka ishirini, hubeba magunia Mugina na kuuza dagaa siku za soko. Tukikutana hunisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," nami humuuliza habari za mama. Mama hajambo, analima. Paa ni lile lile, limeanza kuvuja.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya msingi, alirejea Burundi mwaka 2008.